Habari za Asili ya Kiingereza, na Miaka Kilipofungiwa Mlango wa Shule

Hapa Buhongwa, kusini ya mji wa Mwanza kando ya barabara iendayo Shinyanga, tulikuwa tukisomesha Kiingereza watoto wa kidato cha kwanza. Tuliandika ubaoni neno "knife", tukawafundisha kulisoma "naif". Mtoto mmoja, ambaye nyumbani kwao husemwa Kisukuma tu, aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, na hiyo k ni ya nani?" Darasa zima likacheka. Sisi hatukucheka, kwa kuwa nasi tulipokuwa wadogo tuliuliza swali lilo hilo, tukajibiwa kwamba Kiingereza ndivyo kilivyo, tukae kimya. Tuliona haya kumpa mtoto jibu lile lile tulilopewa sisi. Tukamwambia angoje, nasi tukaenda kutafuta.

Katika kutafuta habari za herufi moja tulikuta habari nyingine, kubwa kuliko hiyo, nazo ndizo zilizotufanya tushike kalamu. Walimu wengi wa nchi zetu, pamoja na sisi wenyewe kwa muda mrefu, twakitazama Kiingereza kana kwamba kilizaliwa kikiwa lugha ya wakubwa, lugha ya baraza na shule na vitabu. Na lugha zetu twazitazama kana kwamba zilizaliwa ili zikae jikoni. Tarehe ya Kiingereza haisemi hivyo. Palikuwa na zamani, nayo ilidumu karibu miaka mia tatu, Kiingereza chenyewe kilipokuwa lugha ya walimaji na wachungaji, na mtoto wa Kiingereza alipoingia shuleni katika nchi yake mwenyewe hakuna budi aiache lugha ya mama yake mlangoni.

Tuanze mbali kidogo. Kisiwa kile kiitwacho Uingereza hapo kale hakikuwa cha Waingereza. Wenyeji wake walikuwa Wabritoni, nao walisema lugha ambayo Kiwelshi cha leo ni mtoto wake. Warumi waliwatawala tangu mwaka wa 43 baada ya Kristo mpaka karibu mwaka wa 410, majeshi yao yalipokwisha kuondoka. Kisha wakavuka bahari watu wa makabila ya pwani za Ujerumani na Denmark, yaani Waangli, Wasaksoni na Wajuti. Mtawa Beda, aliyemaliza kuandika tarehe ya Kanisa la Waingereza mwaka wa 731, anauhesabu mwaka wa 449 kuwa mwanzo wa kuja kwao. Lugha yao ilikuwa ndugu ya Kijerumani, na jina la Waangli ndilo lililozaa jina la Kiingereza. Wale wageni waliwaita wenyeji "wealas", maana yake watu wa kigeni, na kwa jina hilo Wawelshi waitwa hata leo. Mwenye nchi akaitwa mgeni ndani ya nchi yake. Nasi twajua jambo la kupewa jina na jirani, maana neno Sukuma ni kaskazini tu. Mtu ni Msukuma kwa yule akaaye kusini yake.

Mwaka wa 597 Augustino, aliyetumwa na Papa Gregori pamoja na watawa wenziwe, alifika kuhubiri kwa mfalme wa Kent. Beda asema walichukua wakalimani kutoka nchi ya Wafranki, kwa sababu hawakujua lugha ya watu waliotumwa kwao. Watawa hao walileta herufi za Kirumi, na baada ya muda mfupi sheria za mfalme Ethelberti ziliandikwa, si kwa Kilatini, bali kwa lugha ya watu wenyewe. Hayo ndiyo maandiko ya kwanza ya Kiingereza yajulikanayo yaliyoandikwa kwa herufi hizo. Lakini herufi hazikutosha. Kiingereza kilikuwa na sauti isiyokuwamo katika Kilatini, ile tuiandikayo sisi th katika neno thamani, nao wakaikopa herufi moja kutoka maandishi ya kale ya makabila yao, yaliyochorwa juu ya mawe na mifupa. Ye yote aliyejaribu kuandika Kisukuma ataijua taabu hiyo. Kisukuma kina vokali saba, na herufi za Kirumi zatupa tano. Basi maneno mawili yasikiwayo mbalimbali masikioni mwa bibi huonekana neno moja juu ya karatasi, na mtoto asomapo hana budi kukisia.

Jambo moja la desturi tusilipite. Wale watawa hawakufuta majina yote ya kale. Siku ya nne ya juma Waingereza huiita kwa jina la Woden, aliyekuwa mkuu wa miungu yao, na Alhamisi huiita kwa jina la mungu wa radi. Hata sikukuu ya kufufuka kwake Bwana, ambayo sisi twaiita Pasaka kwa neno lililotoka mbali, Mwingereza huiita "Easter", na Beda asema jina hilo lilitoka kwa mungu mke aliyepewa mwezi wake. Twalitaja jambo hili kwa ajili ya ndugu zetu wanaoogopa kila neno la kale la Kisukuma kana kwamba lina pepo ndani yake.

Baadaye walikuja maharamia wa kaskazini, Wadenmark na Wanorwei. Mwaka wa 793 waliiteka nyumba ya watawa ya Lindisfarne, na katika miaka mia iliyofuata walikalia sehemu kubwa ya mashariki na kaskazini ya nchi. Walipokwisha kupigana walioana. Lugha zao zilikuwa karibu karibu, kama Kisukuma na Kinyamwezi, hata mtu aliweza kumwelewa mwenziwe nusu, na ile nusu nyingine ikakamilishwa kwa kukopana. Kutoka kwao Kiingereza kilipata maneno ya yai, ya mbingu, ya ngozi, ya dirisha, ya mume, na la sheria. Kilipata hata maneno "they", "them" na "their". Hili ni ajabu, kwa kuwa lugha hukopa majina ya vitu upesi, lakini kukopa neno la kusema "wao" ni kama mtu kukopa mguu. Nasi tusijione tofauti: Waswahili walikuwa na neno kenda, ambalo Wasukuma wanalo hata leo katika kuhesabu, nao wakaliacha wakashika tisa la Kiarabu, na sita na saba ni vivyo hivyo.

Na hili neno "knife" nalo lilikuja na watu hao wa kaskazini. Kisu cha Mwingereza ni cha kukopa, na ile k ilikopwa pamoja nacho. Ilitamkwa. Tutairudia.

Katika vita vile alitokea mfalme Alfred wa Wessex, aliyetawala tangu mwaka wa 871 mpaka 899. Alipopata amani kidogo aliitazama nchi yake akaona elimu imekufa. Na katika waraka wake kwa maaskofu alisema kwamba alipoanza kutawala walikuwa wachache sana waliojua maana ya ibada zao kwa Kiingereza, au walioweza kufasiri barua moja ya Kilatini. Shauri alilolitoa tungependa kila mwalimu alijue. Alitaka vijana wote walio huru, wenye nafasi ya kusoma, wafundishwe kwanza mpaka waweze kusoma Kiingereza vema. Na baada ya hayo, wale watakaoendelea mbele wafundishwe Kilatini. Yeye mwenyewe, pamoja na wanavyuoni aliowakusanya, alifasiri vitabu, akaanza na kitabu cha Papa Gregori cha kazi ya mchungaji, nakala zikapelekwa kwa maaskofu wake. Alfred hakukidharau Kilatini. Alikijua kuwa mlango wa elimu yote ya Ulaya. Alichokataa ni kumpitisha mtoto mlango wa pili kabla hajaingia wa kwanza.

Basi lugha hiyo, iliyokwisha kuwa na sheria zake, mashairi yake na Injili zake zilizofasiriwa, ilianguka kwa siku moja. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 1066 William, mtawala wa Normandi, alimshinda mfalme Harold karibu na Hastings. Wanormandi asili yao ni watu wale wale wa kaskazini, na jina lao ndiyo maana yake, kama jina la Wasukuma. Lakini walikuwa wamekaa Ufaransa muda wa kutosha kuisahau lugha yao, wakasema Kifaransa. William aliwagawia watu wake mashamba na vyeo. Katika muda wa miaka ishirini karibu kila bwana mkubwa, kila askofu na kila mkuu wa nyumba ya watawa alikuwa mgeni. Barazani ikasemwa Kifaransa, kanisani na katika hati Kilatini, na Kiingereza kikabaki kondeni na zizini.

Neno zizini twalisema kwa kusudi. Mwanafunzi wetu aliyezoea kusema ng'ombe na nyama ya ng'ombe, mbuzi na nyama ya mbuzi, husumbuka sana aambiwapo kwamba mnyama ni "cow" na nyama yake ni "beef", kondoo ni "sheep" na nyama yake ni "mutton", nguruwe ni "pig" na nyama yake ni "pork". Majina ya wanyama ni ya Kiingereza cha kale, maana aliyewachunga alikuwa Mwingereza. Majina ya nyama yalitoka katika Kifaransa, maana aliyeketi mezani alikuwa Mnormandi. Wako wataalamu wasemao kwamba tofauti hiyo haikukatwa wazi tangu mwanzo, na kwamba watu walichanganya majina hayo kwa miaka mingi. Yamkini ni kweli. Walakini kila tulipowasimulia watoto wa Buhongwa habari hii hawakuikosea tena katika mtihani.

Sasa twafika penye kiini cha maneno yetu. Yuko mtawa mmoja wa Chester, jina lake Ranulf Higden, aliyefariki mwaka wa 1364, naye aliandika kwa Kilatini kitabu kikubwa cha tarehe ya dunia. Mahali anapozungumza juu ya lugha za Uingereza analalamika kwamba Kiingereza kimeharibika, naye ataja sababu mbili. Ya kwanza, watoto shuleni, kinyume cha desturi ya mataifa mengine yote, hulazimishwa kuiacha lugha yao na kufasiri masomo yao kwa Kifaransa, na mambo yamekuwa hivyo tangu Wanormandi walipofika. Ya pili, watoto wa mabwana hufundishwa Kifaransa tangu wakibembelezwa, na watu wa mashamba, wakitaka kujifananisha na mabwana, hujitahidi kwa bidii nyingi kusema Kifaransa ili wahesabiwe kuwa watu.

Tulipoyasoma hayo tuliweka kitabu chini. Tulikuwa tumetoka kupita barabarani, ambako bango baada ya bango lamwita mzazi ampeleke mtoto wa miaka mitatu shule ifundishayo kwa Kiingereza. Na tena tulikumbuka kibao. Katika shule ya sekondari tuliyosoma sisi, ambayo jina lake hatulitaji, aliyesikiwa akisema Kiswahili au Kisukuma alivishwa kibao shingoni, akakivaa mpaka amsikie mwenziwe akikosa vivyo hivyo. Tulikivaa siku nyingi. Kibao kile hakikutufundisha Kiingereza. Kilitufundisha kunyamaza darasani na kuwapeleleza rafiki zetu wakati wa mapumziko. Lakini hatukupata kudhani, hata kwa ndoto, kwamba mtoto wa Kiingereza naye alipata kuachishwa lugha yake namna iyo hiyo, na kwamba Kiingereza ndicho kilichokuwa lugha ya kuachwa.

Kilitokaje huko chini? Si kwa amri moja. Mwaka wa 1204 mfalme wa Uingereza alinyang'anywa Normandi, na mabwana waliokuwa na mashamba pande zote mbili za bahari ikawabidi wachague. Baadaye vilianza vita virefu na Ufaransa, na lugha ya adui haikupendeza tena kama zamani. Kisha, mwaka wa 1348, ilikuja tauni kuu, ikaua labda theluthi moja ya watu au zaidi. Walikufa mapadre na walimu wengi waliojua Kifaransa, na walimaji waliobaki wakawa watu wa thamani, kwa kuwa mikono ilikuwa michache. Mwaka wa 1362 ilitolewa sheria kwamba mashauri barazani yasemwe kwa Kiingereza, kwa sababu watu hawakielewi Kifaransa ambacho kwacho huhukumiwa. Sheria yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa. Twacheka, lakini tuangalie lugha ya barua nyingi zilizopata kuandikwa kwetu kuhimiza matumizi ya Kiswahili.

Katika shule ilikuwa kazi ya walimu. Padre John Trevisa, alipokuwa akikifasiri kitabu cha Higden kwa Kiingereza, alifika mahali pale pa malalamiko akaongeza maneno yake mwenyewe. Asema kwamba desturi ile ilikuwa na nguvu kabla ya tauni, lakini tangu hapo imebadilika. Maana mwalimu mmoja aitwaye John Cornwall, aliyefundisha Oxford, aliacha kufundisha kwa Kifaransa akafundisha kwa Kiingereza, na Richard Pencrich akajifunza namna hiyo kwake, na wengine kwa Pencrich. Hata sasa, mwaka wa 1385, katika shule zote za sarufi za Uingereza watoto wameacha Kifaransa na hufasiri na kujifunza kwa Kiingereza. Twaomba ndugu walimu wayashike majina mawili hayo, Cornwall na Pencrich. Hawakuwa wafalme wala maaskofu. Walikuwa watu wa chaki, kama tungaliweza kusema hivyo juu ya watu wa karne ile.

Na Trevisa, kwa kuwa alikuwa mtu mwaminifu, alipima faida na hasara. Faida ni kwamba watoto sasa huijua sarufi kwa muda mfupi kuliko walivyokuwa wakiijua zamani. Hasara ni kwamba hawajui Kifaransa kuliko kisigino chao cha kushoto kijuavyo, na hilo litawadhuru watakapovuka bahari na kusafiri nchi za kigeni. Hakuificha hasara ili faida ionekane nzuri zaidi. Tumesoma mabishano mengi ya nchi yetu juu ya jambo hili, na ni nadra sana kumkuta mtu anayetaja yote mawili kwa kinywa kimoja.

Yaliyobaki ya Uingereza tutayapita upesi. Wakati wa mfalme Henry wa Tano, karibu na mwaka wa 1417, barua za mfalme zilianza kuandikwa kwa Kiingereza. Mwaka wa 1476 William Caxton aliweka mtambo wa kupiga chapa huko Westminster, naye akakutana na taabu ambayo wapiga chapa wa misheni zetu waliijua sana: Kiingereza kipi? Alisimulia habari ya wafanyabiashara waliotua pwani ya Kent, mmoja wao akaomba mayai akitumia neno "egges", lile la watu wa kaskazini. Mama wa nyumba akamjibu kwamba yeye hajui Kifaransa. Yule mtu akakasirika, maana yeye naye hakukijua; mpaka mwenziwe alipotumia neno "eyren", la kusini, ndipo mama akaelewa. Neno lililoshinda ni lile la kaskazini, na mama yule wa Kent ndiye leo angeonekana mgeni. Huku kwetu Wamisheni wa Mombasa walikuwa wakiandika Kimvita na wale wa Unguja Kiunguja, na mtu wa Mombasa akikuita kwa kusema "ndoo", mtu wa Unguja aweza kumletea chombo cha kutekea maji. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka wa 1928 ulichagua Kiunguja, na mwaka wa 1930 ikaanza Kamati ya Lugha ya nchi nne. Lakini Biblia moja kwa pande zote haikupatikana mpaka mwaka wa 1952.

Hapo kwa Caxton ndipo tunapoikuta ile k yetu. Wapiga chapa waliyaandika maneno kama yalivyotamkwa zamani zao au kabla yao kidogo, na maandiko yakaganda, huku vinywa vya watu vikiendelea kwenda. Kati ya mwaka wa 1400 na 1700 vokali ndefu za Kiingereza zilihama karibu zote kutoka mahali pake, na k iliyotangulia n ikanyamaza kinywani, ila kwenye karatasi hakuna aliyeiondoa. Basi mwanafunzi wetu aliuliza haki: ile k ni ya babu zao. Tulipomwambia hivyo alifikiri kidogo, akasema, "Kumbe nao huandika jina la marehemu."

Katika karne ya kumi na sita wasomi wa Kiingereza waligombana kama tugombanavyo sisi. Wengine waliingiza maneno ya Kilatini na Kigiriki kwa mikono miwili. Wengine, kama John Cheke, walisema kwamba lugha ikopayo siku zote pasipo kulipa itafilisika. Cheke alikuwa mwanachuo mkubwa wa Kigiriki, wala hakusema hivyo kwa ujinga. Lakini lugha haikumsikiliza. Wakati huo William Tyndale alikwisha kufasiri Agano Jipya, likapigwa chapa Ujerumani mwaka wa 1526 kwa kuwa nyumbani alikatazwa, naye akauawa mwaka wa 1536; na Biblia ya mfalme James ya mwaka wa 1611 ilichukua maneno yake mengi sana. Hivyo Kiingereza kilifika katika karne za safari za bahari kikiwa na vitabu mkononi, na nusu ya mali yake ni ya kukopa.

Kilifikaje kwetu ziwani? Tarehe 3 Agosti 1858 John Hanning Speke, akitoka Kazeh, yaani Tabora ya leo, aliliona ziwa karibu na Mwanza, akalipa jina la malkia wake, ijapokuwa wenyeji walikuwa wakiliita Nyanza. Lakini Kiingereza siku ile hakikusema neno na mtu ye yote wa Usukuma. Speke hakujua Kiswahili. Alizungumza Kihindustani na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akakaa India, naye Bombay akayageuza maneno kuwa Kiswahili. Wamisheni wa kwanza wa C.M.S. waliofika Kageyi mwaka wa 1877, na Alexander Mackay aliyewafuata mwaka wa 1878, walitumia Kiswahili walichokipata katika vitabu vya Askofu Steere, na Mackay alimsomea Kabaka Mutesa Maandiko kwa lugha hiyo, kwa sababu barazani kwake ilijulikana. Mackay alifia Usambiro, kusini ya ziwa, tarehe 8 Februari 1890. Mapadre Weupe waliokaa Bukumbi tangu mwaka wa 1883, mahali pasipo mbali na Buhongwa, wengi wao walikuwa Wafaransa. Kisha Wajerumani walijenga boma Mwanza, nao walitawala kwa Kiswahili. Kiingereza hakikuwa lugha ya ofisi hapa mpaka Waingereza walipoutwaa mji mwezi wa Julai mwaka wa 1916.

Neno moja lahifadhi habari hizo zote, nalo tumelipita mara elfu pasipo kuliangalia. Bara husemwa shule, na Unguja husemwa skuli. Shule ni neno la Kijerumani, tuliloachiwa na wale waliojenga boma. Skuli ni la Kiingereza, maana Unguja iliwekwa chini ya ulinzi wa Waingereza mwaka wa 1890. Lakini hata hao wawili hawakulizaa. Wote walilipata katika Kilatini, na Kilatini katika Kigiriki, na kwa Wayunani maana yake ya kwanza ilikuwa nafasi ya kupumzika. Wanafunzi wetu hawakuliamini jambo hilo hata kidogo.

Tangu mwaka wa 1967 shule za msingi za serikali zafundisha kwa Kiswahili, na sekondari hufundisha kwa Kiingereza. Mwaka wa 1982 Tume ya Rais ya Elimu, mwenyekiti wake Jackson Makweta, ilishauri Kiswahili kiingie kidato cha kwanza mwaka wa 1985 na Chuo Kikuu mwaka wa 1992. Haikufanyika. Sera ya mwaka wa 2014 ikakitaja tena Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote, pamoja na Kiingereza, na katika vyumba vya sekondari mambo hayakugeuka. Hata sasa mtoto hutoka darasa la saba akiwa mtu wa kusema sana, akaingia kidato cha kwanza akawa bubu. Mwenye kusomesha baiolojia huandika ubaoni kwa Kiingereza, watoto hunakili, na aulizapo "mmeelewa?" huitikiwa kwa sauti moja "yes". Kisha, mlango ukiwa umefungwa, huanza tena kwa Kiswahili kwa sauti ya chini, kama mtu atendaye dhambi. Nasi tumefanya hivyo, na tutafanya kesho.

Hatusemi Kiingereza kiondolewe. Hasara aliyoitaja Trevisa ni ya kweli: watoto wetu nao watavuka bahari, na vitabu vya tabibu na vya fundi wa mitambo wamevikuta kwa lugha hiyo. Mwalimu asemaye kwamba mtoto wa Buhongwa hahitaji Kiingereza, tungependa kujua wa kwake anasoma wapi. Tunachosema ni kwamba utaratibu wa Alfred haujajaribiwa kwetu mpaka mwisho, nao ulibuniwa na Waingereza wenyewe walipokuwa wahitaji. Kiingereza kifundishwe kwa bidii kama lugha, na mwalimu ajuaye sana. Ila hesabu na tarehe na habari za miili yetu zipite kwanza katika lugha ambayo kwayo mtoto aweza kuuliza swali. Yule aliyeuliza juu ya k aliuliza kwa Kiswahili. Kama tungalimlazimisha kuuliza kwa Kiingereza, asingaliuliza kamwe, wala sisi tusingaliandika makala hii.

Tumeanza kuandika katika daftari maneno ya Kisukuma yaliyokopwa katika Kiingereza tangu gari la moshi lilipofika Mwanza mwaka wa 1928: ya reli, ya pamba, ya hospitali, ya meli. Mengine yamegeuka hata hayatambulikani. Tungependa walimu wa Nassa, wa Ukerewe na wa Bukumbi watupelekee yale wanayoyasikia kwa wazee, pamoja na maana zake na jina la kijiji, nao wayaandike kama yatamkwavyo, si kama Mwingereza ayaandikavyo.